Tze'elim, Novemba 1992: makomando watano waliouawa na makombora ya kikosi chao wenyewe

Asubuhi ya tarehe 5 Novemba 1992, kambi ya mazoezi ya Tze'elim, jangwa la Negev kule kusini mwa Israel. Kuna askari vijana wamesimama uwanjani wanaigiza, mmoja wao ndo Saddam Hussein, rais wa Iraq wakati ule, wengine ni walinzi na wapambe wake. Mbali na pale wenzao wa kikosi hichohicho wamekaa na makombora wanasubiri amri. Amri ikaja, makombora mawili ya kweli yakaruka yakaenda kupiga pale pale walipokuwa wamesimama waigizaji. Watano wakafa, wengine wakajeruhiwa. Hapakuwa na adui hata mmoja eneo lile, waliopiga na waliopigwa wote walikuwa upande mmoja, na kikosi chenyewe ni Sayeret Matkal, kikosi maalumu cha jeshi la Israel, yani watu ambao majeshi mengi duniani yanawachukulia kama mfano.

Mimi hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu. Kila ikitokea habari ya askari kufa mazoezini naona watu wanagawanyika, kuna wanaosema risasi za moto ziondolewe kabisa kwenye mazoezi, na kuna wanaosema jeshi ni jeshi kufa kupo tusonge mbele, na nikirudi kwenye Tze'elim naona wote wanaliacha jambo lenyewe limekaa pembeni. Ngoja nieleze kuanzia mwanzo.

Kwa sisi wa huku kikosi hiki si kigeni, ndo waliokuja Entebbe kuokoa abiria wa ndege iliyotekwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 waliruka karibu kilomita 4,000 na ndege za Hercules, wakatua Uganda Idi Amin hana habari, wakaelekea jengo la zamani la abiria na Mercedes nyeusi mbele ili walinzi wadhani ni mkubwa fulani anapita, wakawatoa mateka 102, wakati wa kurudi ndege zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Mmoja wa waliotangulia Nairobi kuweka mambo sawa na Wakenya ni afisa anaitwa Ehud Barak, shikeni jina hilo maana tutakutana naye tena kule jangwani. Kamanda wao Yonatan Netanyahu aliuawa pale uwanjani, mateka watatu walikufa kwenye mapigano, na bibi Dora Bloch ambaye alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago aliuawa baadaye na watu wa Amin. Kati ya wale mateka watatu kuna kijana wa miaka 19 aliyesimama wakati wenzake wamelala chini, makomando wakamdhania mtekaji, wakampiga. Na hilo lishikeni pia.

Kwa nini nalitaja? Kwa sababu ukitaka kujua thamani ya mazoezi ya risasi za moto, anzia pale kwa yule kijana. Komando anaingia chumba kina watu zaidi ya mia, usiku, kelele, moshi, watoto wanalia, na ana nusu sekunde ya kuamua huyu ni wa kupiga au wa kuokoa, kidole kiko kwenye kifyatulio tayari. Uamuzi wa namna ile haufundishwi darasani na haufundishwi kwa bunduki isiyo na kitu ndani. Risasi ya bandia inayotoa mlio tu haikuadhibu ukikosea, unaweza kupiga ukapitisha mdomo wa bunduki begani kwa mwenzako na hakuna kinachotokea, unaweza kupiga ukuta ambao nyuma yake kuna mtu na hakuna kinachotokea, ukirudia hivyo mara mia mwili unajifunza kwamba inawezekana. Siku ya kweli ikifika mwili unafanya kile ulichozoea. Risasi ya moto inakupa teke la kweli begani, inakuziba masikio, inakuonyesha bunduki inakwama lini na unafanya nini ikikwama huku watu wanakutegemea, na zaidi ya yote inakufundisha kumwamini aliye nyuma yako anayepiga hatua mbili kutoka kwenye mbavu zako. Imani hiyo huwezi kuiagiza kwa barua, inajengwa kidogo kidogo uwanjani na inagharimu muda mwingi na risasi nyingi sana.

Kwahiyo mimi ni mtu wa kusema wazi kabisa, vikosi maalumu lazima vifanye mazoezi kwa moto wa kweli. Anayetaka waache anataka yule kijana wa Entebbe awe wengi.

Sasa turudi 1992. Mwanzoni mwa 1991, kwenye vita ya Ghuba, Iraq ilikuwa imerusha karibu makombora 40 ya Scud kwenye miji ya Israel, na Israel kwa shinikizo la Marekani ikakaa bila kujibu. Kwa watu waliozoea kujibu kila kitu hili liliwauma mno. Aprili 1991 Ehud Barak akawa Mkuu wa Majeshi, na huyu kabla ya yote ni mtoto wa Sayeret Matkal, aliwahi kuwa kamanda wake. Ukatengenezwa mpango wa siri wa kumuua Saddam. Tatizo Saddam alikuwa haonekani ovyo, anahamahama na ana watu wanaofanana naye, kwahiyo walitafuta mahali ambapo lazima angekuja yeye mwenyewe. Wakafikiria mazishi. Mzee Khairallah Talfah, mjomba wake aliyemlea na ambaye pia alikuwa baba mkwe wake, alikuwa mgonjwa, na mila zinasema mtu kama huyo akifa Saddam hawezi kutuma mwakilishi. Makomando wangepelekwa Iraq na helikopta, kikundi kidogo kingekaa karibu na makaburi kumtambua, kikundi kingine kingekaa mbali na makombora ya kuongozwa, akitambuliwa amri inatoka, kombora linakuja.

Ukiutazama mpango huo kama mtu wa kazi utaona una mahitaji mawili na yote ni ya haki. La kwanza, lazima uwe na uhakika kombora linampata mtu mmoja kwa umbali ule, maana nafasi ni moja tu, ukikosa uko katikati ya Iraq mamia ya kilomita kutoka nyumbani na jeshi zima limeshaamka. Uhakika huo utaupata kwa kulirusha la kweli, hakuna njia nyingine. La pili, lazima ujue kama wale wa karibu wanaweza kumtambua mtu mmoja ndani ya kundi la waombolezaji wanaotembea, wanaokumbatiana, wanaosimama mbele ya mwenzao. Hilo huwezi kulijaribu kwa masanamu kwa sababu sanamu halitembei wala halimpi mtu mkono wa pole. Unahitaji watu.

Yani kila nusu ya zoezi ilikuwa na sababu yake nzuri. Hapa ndo naomba tutulie, maana wengi wakisikia watu walisimama kwenye shabaha ya kombora wanasema hawa walikuwa wendawazimu. Hapana. Mpango ulikuwa hatua ya kwanza ifanyike kavu, na watu wa kweli wakiigiza, hakuna kinachorushwa. Halafu watu watoke, masanamu yawekwe mahali pao, ndo ifuate hatua ya pili, na makombora ya moto. Wenyewe kwa Kiebrania wanaita zoezi kavu na zoezi la majimaji, la majimaji ndo lenye moto wa kweli. Ukiliandika kwenye karatasi linaonekana salama kabisa.

Kilichotokea ni kwamba wakati waigizaji bado wako uwanjani kwenye hatua ya kavu, timu ya makombora ikaamini iko kwenye hatua ya majimaji. Na hapa kuna vitu vitatu vilikutana, nikivitazama kimoja kimoja naona kila kimoja peke yake kingeweza kupita bila madhara. Neno la amri lililotumika hatua ya kavu na hatua ya moto lilikuwa lilelile, anayesikia redioni hawezi kujua kwa neno peke yake kama anaambiwa "igiza" au anaambiwa "ua". Makombora ya kweli yalikuwa tayari yapo mikononi mwa timu ya kurusha wakati watu wamo ndani ya shabaha. Na hatua zote mbili zilipangwa asubuhi moja, uwanja mmoja, watu walewale, moja ikifuata nyingine karibu karibu, kiasi kwamba kichwani mwa mtu aliye mbali mpaka kati ya hatua na hatua ni kitu cha kukisia.

Kwa akili yangu hapo ndo palipowaua wale vijana, kwenye mshono. Zoezi kavu ni salama. Zoezi la moto likisimamiwa vizuri lina hatari ambayo kila mtu anaijua na anaiheshimu, kila mtu yuko macho, bunduki inatazama upande mmoja, hakuna anayechezea. Lakini ile dakika ya kutoka kavu kwenda moto, ambapo nusu ya watu wanaamini bado ni maigizo na nusu nyingine wanaamini yameshaisha, dakika ile haina mwenyewe. Waliopitia JKT watakumbuka siku ya shabaha, kelele kubwa kuliko zote za wakufunzi hazipigwi wakati mnafyatua, zinapigwa kabla na baada, risasi zikigawiwa na risasi zikirudishwa, silaha zikikaguliwa, mtu akigeuka tu na bunduki mkononi anakula za uso. Wakati ule ukiwa kuruta unaona ni ukali wa bure. Ule ndo mshono wenyewe wanaulinda.

Kwahiyo kombora la kweli lilitakiwa liwe wapi wakati wa hatua ya kavu? Kwenye gari, limefungwa, mbali na timu ya kurusha, na mwenye funguo ni mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine siku ile. Lingetoka tu baada ya waigizaji kuhesabiwa mmoja mmoja, wamekusanywa sehemu ambapo afisa wa kurusha anawaona kwa macho yake. Nasema kwa macho, sio kwa redio. Hapo hata kama neno la amri lingekuwa lilelile, hata kama mtu angechanganya hatua, angebonyeza na hakuna kitu kingeruka. Usalama wa namna hii hautegemei mtu kukumbuka. Mtu aliyechoka, mwenye hamu ya kufanya vizuri, anayesikiliza redio yenye kelele, atasahau, huyo ni binadamu tu na hata akiwa komando wa kiwango gani bado ni binadamu.

Halafu kuna suala la wakubwa. Asubuhi ile pale Tze'elim walikuwepo Barak mwenyewe kama Mkuu wa Majeshi, naibu wake Amnon Lipkin-Shahak, mkuu wa ujasusi wa kijeshi Uri Sagi, na Amiram Levin aliyekuwa anausimamia mpango wenyewe. Ukikusanya nyota za mabegani za watu hao unapata uzito wa jeshi zima la Israel umekaa unatazama. Walikuja kwa sababu ya msingi, uamuzi wa kuutekeleza mpango au kuuacha ulikuwa mkubwa na walitaka kujionea. Lakini fikiria wewe ni afisa kijana wa timu ya kurusha, una wasiwasi kidogo kwamba huna hakika hatua ya kavu imeisha au la. Utasimama uulize redioni mbele ya Mkuu wa Majeshi, ukasimamisha kila kitu kwa swali ambalo huenda jibu lake ni "tulishasema"? Sisemi hivyo ndivyo ilivyokuwa kichwani mwa mtu yeyote pale, nasema mazingira ya namna hiyo yanafanya swali dogo liwe ghali sana. Na zaidi, ukiwa na majenerali wanne uwanjani kila mtu anaamini usalama unaangaliwa na mwingine aliye mkubwa zaidi. Ndo maana msimamizi wa usalama wa zoezi anatakiwa awe mtu ambaye mafanikio ya mpango hayamhusu kabisa, na sauti yake ya "simama" isikilizwe hata na jenerali.

Linganisha na Waingereza kidogo. SAS, kikosi maalumu cha jeshi lao chenye makao eneo la Hereford, wana jengo la mazoezi maarufu kama nyumba ya mauaji, humo wanafanya mazoezi ya kuokoa mateka kwa risasi za moto, na kwa miaka mingi mtu wa kweli alikuwa anakaa katikati ya masanamu akiigiza mateka huku wenzake wanaingia wanapiga masanamu pembeni yake. Matunda yake dunia iliyaona tarehe 5 Mei 1980 kwenye ubalozi wa Iran pale London, ndani ya kama dakika 17 watekaji watano kati ya sita walikuwa wameuawa na mateka karibu wote waliokuwa ndani wametoka hai, alikufa mmoja tu wakati wa uvamizi, akiuawa na watekaji. Kazi ile isingewezekana bila nyumba ile. Lakini katikati ya miaka ya 1980 sajenti mmoja alipigwa risasi akafa akiwa anaigiza mateka humo humo. Walichofanya baada ya hapo ndo kinanigusa mimi, hawakuondoa risasi za moto, wala hawakusema ni ajali tu tuendelee. Waliwatenganisha. Vikawekwa vyumba viwili vinavyofanana, wanaoigiza mateka na watekaji chumba kimoja, wavamizi chumba kingine, katikati kuna kamera na skrini kubwa za ukutani, kila upande unauona upande wa pili kama wako pamoja, risasi zinapigwa za kweli na hakuna nyama mbele yake. Mtu bado anafanya uamuzi wa nusu sekunde kwa mtu anayetembea. Wakubwa wa Tze'elim hawakukosa pesa wala akili ya kufikia wazo la namna hiyo.

Na huko Negev kilio hakikuwa cha kwanza. Mwaka 1990, uwanja uleule wa Tze'elim, askari watano walikuwa wameshakufa zoezini kwa kupigwa na mizinga ya upande wao. Ndo maana Waisraeli wakilitaja janga la 1992 wanaliita Tze'elim ya pili. Miaka miwili tu imepita, uwanja mmoja, idadi ileile ya maiti. Nikifika hapa huwa natulia, maana la kwanza unaweza kusema hatukujua, la pili utasemaje?

Kuna hatari nyingine ambayo kwenye kisa hiki haipo ila siwezi kuipita kwa sababu iko kwetu. Moto wa mazoezi hauishi askari wakiondoka. Kule Dol Dol na Archers Post nchini Kenya, ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi, wachungaji wa Kimasai na Kisamburu waliuawa na kukatika viungo na mabomu yaliyoachwa bila kulipuka, wengi wakiwa watoto wanaochunga, na mwaka 2002 Uingereza ikakubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Mshono ni uleule, zoezi limeisha kwa waliofanya, kwa mwingine anayepita na mbuzi zake halijaisha. Kusafisha uwanja ni sehemu ya zoezi kama vile kupiga.

Baada ya Tze'elim uchunguzi ulifanyika, kuna maafisa walishtakiwa, wakubwa wengine wakapewa karipio. Miaka iliyofuata Barak alipoingia kwenye siasa mjadala wote ukahamia kwake, gazeti likaandika kwamba aliondoka na helikopta wakati majeruhi bado wako chini, yeye akakanusha, ripoti ya mkaguzi mkuu wa serikali ikaja kumsafisha. Watu wakabishana miaka kuhusu dakika za helikopta. Sisemi swali lile halikuwa na maana, familia zilikuwa na haki ya kulijua, ila naumia kuona jinsi lilivyolifunika lile swali lingine, nani aliruhusu kombora la kweli liwe mkononi wakati watoto wa watu wamesimama kwenye shabaha.

Mpango wenyewe haukutekelezwa tena. Mzee Khairallah Talfah, ambaye mazishi yake ndo yalikuwa yanasubiriwa, alifariki Aprili 1993, karibu miezi sita baada ya wale vijana. Magazeti ya nje yalikuwa yameshaandika mapema kwamba mlengwa alikuwa Saddam, lakini ndani ya Israel wadhibiti wa habari wa jeshi hawakuruhusu lichapishwe rasmi mpaka Desemba 2003, baada ya Saddam kukamatwa na Wamarekani ndani ya shimo kule karibu na Tikrit. Miaka kumi na moja familia tano ziliweka mashada makaburini kila Novemba, na nchi yao ikiwa hairuhusu kuchapisha watoto wale walikuwa wanafanyia mazoezi jambo gani.